Muziki wa Vijana na Masikio ya Wazee

Katika mabaraza ya Msambweni, baada ya Sala ya Alasiri, wazee wana jambo moja wasilochoka kulisema: kwamba muziki waupendao watoto wao si muziki, bali ni makelele matupu. Watatajiwa singeli ya Dar es Salaam, amapiano ya Afrika Kusini, na gengetoni ya Nairobi, iliyovuma mwaka 2018 kwa wimbo Lamba Lolo wa kundi la Ethic. Kijana hupanda matatu ya Likoni, vidude vimo masikioni, na babaye humwita mara tatu asiitikiwe.

Singeli kesi yake ni ya ajabu. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika moja, na mtu mzima akithubutu kuicheza ataomba maji upesi. Lakini mafundi wake wa mwanzo walikuwa wakikata vipande vya taarabu, wakavikimbiza mbio na kuvirudia-rudia. Basi yule mzee anayeilaani singeli huku akiisifu taarabu, huenda anazilaani nyimbo zile zile zilizopigwa siku ya arusi yake.

Na hiyo taarabu je? Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aheshimiwa pwani nzima, nami ni mmoja wa wampendao. Hata hivyo sauti nyingi alizotilia mashairi yake zilitoka katika filamu za Kihindi. Hatumwiti mharibifu wa mila kwa sababu hiyo. Miaka ya 1960 vijana wa Kenya walijinyonga viuno kwa twisti, na Daudi Kabaka akaitengeneza ikawa ya Kiafrika. Wimbo wake Helule Helule ulivuka bahari, hata mwaka 1968 kundi la The Tremeloes likauimba huko Uingereza. Vijana wale ndio mababu wa leo, wanaoziba masikio.

Lakini haifai kuwacheka wazee kwa yote. Nyimbo nyingi za gengetoni zina maneno machafu, nayo yamefichwa ndani ya Sheng. Katika nyumba isemayo Kidigo, mtoto wa miaka sita aweza kuyaimba mbele ya bibi yake, na bibi akampigia makofi kwa kuwa hakufahamu hata neno moja. Mzazi hukasirikia kishindo, kisichomdhuru mtu ila usingizi, na maneno yakapita salama. Ingefaa amketishe kijana wake, amwambie, “Mwanangu, hebu nifasirie huu wimbo wako.” Kijana akiona haya kufasiri, basi wote wawili wamekwisha kujibiwa.

Jambo zito zaidi ni disko matanga, lililoenea Kwale na Kilifi. Mtu akifa, vipaza sauti hukodiwa, muziki hupigwa usiku kucha, na fedha hukusanywa za kulipia mazishi. Maofisa wa serikali wamelipiga marufuku mara kadhaa, kwa kuwa wasichana wa shule hupata mimba huko na wengine huacha masomo. Nduguye ni disko vumbi, lipigwalo viwanjani. Hapa ndipo lawama juu ya vijana inaponishangaza. Mtoto wa kidato cha pili hana fedha za kukodi jenereta. Hana kiwanja. Tembo la mnazi linalouzwa pembeni halikugemwa naye. Wenye hayo yote ni watu wazima, na baadhi yao huketi barazani kesho yake kuulaumu muziki.

Wadigo wana ngoma yao ya sengenya, yenye zumari na vishindo vya kutosha, na huchezwa mbele ya macho ya wakubwa. Disko nalo lingepata wakubwa wake, kama wale waliokodi vipaza sauti wangesimama kiwanjani saa mbili usiku, wakawaambia watoto wa shule waende nyumbani, na wao wenyewe wakauzima muziki saa nne.