Programu ya kuchat isipewe funguo za nyumba nzima

Katika ofisi nyingi ndogo za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, kompyuta moja inafanya kazi zote. Ndani yake muna barua za wateja, hesabu za chama, picha za ndoa na maneno ya siri ya watu. Kiisha kijana anayejifunza kutengeneza programu anaweka juu ya mashini hiyo hiyo programu ya kuzungumuza na watu asiowajua. Ni wachache wanaojiuliza: siku programu hiyo itakapopata kasoro, mwizi atafika mupaka wapi?

Mazungumuzo yenyewe si mabaya. IRC, njia ya kuchat kwa maandishi matupu, ilianzishwa mwaka wa 1988 na Jarkko Oikarinen kwenye Chuo Kikuu cha Oulu, inchini Finland, na ingali hai. Watengenezaji wengi wa programu huria wanakutana huko. Mwaka wa 2021, wakati wafanyakazi wa kujitolea wa mutandao wa Freenode walipojiondoa, hawakuacha IRC: walianzisha mutandao mwengine, Libera.Chat. Kwa mutu anayenunua mega kidogo kidogo, njia isiyobeba picha wala video ni faida kubwa. Tena irssi, programu iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Timo Sirainen, inatumika ndani ya terminali, lile dirisha la herufi tupu, hata kwenye mashini ya zamani.

Lakini wepesi si usalama. Mwaka wa 2002 ilijulikana kwamba faili la irssi, toleo la 0.8.4, lililokuwa likitolewa kwenye tovuti ya programu hiyo yenyewe, lilikuwa limechezewa kwa majuma kazaa. Mutu fulani alikuwa ametia ndani yake mulango wa siri. Aliyechukua faili lile na kulitayarisha juu ya mashini yake alimufungulia mugeni njia, bila kujua. Hakukosa akili, aliamini tu chanzo ambacho kila mutu aliamini.

Hapa ndipo kontena inapokuwa na maana. Docker, iliyotangazwa mwaka wa 2013, inafungia programu katika sanduku lake: ina mafaili yake na haioni dosie za mwenye mashini, isipokuwa zile alizoipatia. Kontena haingezuia faili la 2002 kuchezewa. Lakini kama kazi ile ingefanyika ndani yake, mugeni angejikuta katika chumba kitupu, si katikati ya hesabu za chama.

Shida ni kwamba wengi wanaweka irssi katika kontena kwa namna inayoharibu faida yote. Wanaunganisha dosie yao nzima na kontena, kusudi wasisumbuke. Wanaiendesha kwa mamlaka ya msimamizi mukuu. Hiyo ni sawa na kujenga ukuta na kuacha mulango wazi. Njia nzuri inajulikana: kontena ipewe dosie moja tu, ile ya mipangilio ya irssi, tena kwa kusoma tu, na iendeshwe kwa jina la mutumiaji wa kawaida. Ndiyo, mipangilio mipya haitajihifadhi yenyewe, lakini usumbufu huo ni bei ndogo. Kuna jambo la tatu linalosahauliwa: kwa kawaida Docker inaandika kwenye diski kila kitu kinachoonekana kwenye terminali. Asiyezima uandishi huo anaacha mazungumuzo yake yote mahali ambapo hakufikiria.

Wapinzani wanasema kwamba huku ni kuua inzi kwa nyundo: irssi ni ndogo, kwa nini kupakua sanduku zima kwa mega za bei kali? Wana haki kwa sehemu. Kwa mashini isiyo na kitu cha kupoteza, kontena ni kazi ya bure. Lakini irssi inapatikana pia katika sanduku lililojengwa juu ya Alpine, sistemu ambayo musingi wake ni wa mega tano hivi. Na si lazima kila mutu apakue. Mumoja analeta sanduku, analihifadhi kama faili kwa amri ya «docker save», analitia kwenye fleshi, na wengine wanalipakia kwa «docker load», bila intaneti. Kikundi kizima kinalipia mega mara moja.

Wala kontena isigeuzwe kuwa dawa ya kila ugonjwa. Inatumia kiini kile kile cha sistemu ya mashini, na aliyeruhusiwa kuamuru Docker ana nguvu karibu sawa na za msimamizi mukuu. Zaidi ya hayo, hata kama njia ya kufikia seva ya IRC imefungwa kwa siri, seva yenyewe inasoma maneno yanayopita. Siri ya muteja ao ya familia haina nafasi pale.

Wanaofundisha vijana kompyuta wafundishe basi swali moja kabla ya amri yoyote: programu hii inahitaji kuona nini? Kwa irssi, jibu ni dosie moja na njia ya kwenda kwenye mutandao. Kila kitu kinachoongezwa juu ya hapo sharti kiwe na sababu, kwa maana kwenye kompyuta ya ofisi, anayeumia si kijana peke yake. Ni wote waliomwamini na barua zao.