Mama wa Maji Ndiye Alikuwa Mwalimu

Kuna hii fasheni mpya ya wapanda milima wetu wa Nairobi. Tenti imekuwa ushamba, sasa ni turubai. Kipande kimoja, kamba nne, picha ya machweo, na chini yake maneno matamu kuhusu maisha mepesi. Ati mmegundua kitu. Kwani hapo Kakuma watu hawajalala chini ya turubai tangu kambi ifunguliwe 1992? Hakuna aliyewaita wagunduzi. Wanaitwa wakimbizi.

Msinielewe vibaya, sipingi turubai. Ni jepesi, ni bei nafuu, na kijana asiye na pesa ya tenti ya maana asiambiwe akae nyumbani. Beba tu chandarua, maana huku malaria iko, na ukung'ute viatu asubuhi, nge wanapenda joto la soksi zako kuliko unavyodhani.

Hasira yangu ni nyingine.

Msimu uliopita kundi moja lilikuja hapa Lopur, mimi nikawa mkalimani. Wakamtafuta mama mmoja jirani awaletee maji na kuni. Halafu wakafunga maturubai yao katikati ya laga, kwa sababu mchanga ni laini na picha inatoka poa. Mama akaniambia, waambie wapande juu, maji ya laga hayapigi hodi. Mvua inanyesha milimani huko mbali, kwenu nyota zinawaka, na mto unakuja usiku. Tarach imewahi kuingia hadi ndani ya nyumba za watu kambini. Jibu la jamaa mmoja? "Mwambie asijali, tumeangalia hali ya hewa kwa simu."

Bahati yao mto haukuja. Ulikuja upepo. Walikuwa wameelekeza upande ulio wazi mashariki, yaani kule kule upepo wetu hutokea, na vigingi wamevichomeka kwenye mchanga kama vijiti vya mishkaki. Kufika saa nane usiku turubai mbili zimeng'oka, moja imechanika pale kwenye matundu ya kamba.

Asubuhi mama akaja na maji, akaangalia, akacheka kidogo. Akaokota kokoto, akaifunika na kona ya turubai, akafunga kamba shingoni mwa hiyo kokoto. Hakuna tundu, hakuna cha kuchanika. Kamba ya upande wa pili akaifunga kwenye gunia la mchanga, akalifukia. Mgongo wa turubai ukaangalia upepo. Pande nyingine akaziinua juu ili joto litoke, na juu akatandaza matawi, kwa sababu jua la Turkana likipiga plastiki tupu saa sita unapikika ndani. Hicho kivuli cha matawi ndicho ekol yetu ya mchana. Huku wanawake ndio hujenga, ekol na akai pia, na hawajengi kwa kubahatisha.

Wakamrekodi kila hatua. Wiki hiyo hiyo nikaiona video: "Mbinu zetu za kufunga turubai jangwani." Zetu! Uso wa mama umekatwa, imebaki mikono yenye shanga. Na malipo yake yalikuwa ya madumu ya maji tu.

Najua mtaniambia hakuomba zaidi. Ni kweli, hakuomba. Lakini yule anayewafundisha kupanda mwamba huko mjini, nyinyi humlipa kabla hata hajagusa kamba, na hamngoji aombe. Tofauti ni nini? Huyu hana cheti na hasemi Kiingereza, kwa hivyo anachojua kinakuwa mandhari, kama mti wa mkoma nyuma ya picha yenu.

Mkija tena, mama bado yuko pale pale. Sitaweka namba yake hapa. Muulizeni yeye kwanza mtalala wapi, semeni jina lake kwenye video kama atakubali, na mje na pesa ya mwalimu. Maji nitawaletea mimi.