Daftari la vidonge vya Babu

Mwezi uliopita nilifika Rhotia kwa baba mkwe nikakuta ubishi. Mzee ana ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mkono na kufupisha hatua. Dozi yake ilikuwa imeongezwa, na tangu hapo kila usiku anaongea na watu waliokaa kwenye kona ya chumba. Kona yenyewe ina gunia la mahindi tu.

"Shemeji, hivi vidonge tunavitupa," akasema mdogo wa mume wangu. Jirani alikuwa ameshataja mganga.

Nikawaomba wasubiri. Wazazi wenzangu mnaotunza wazee, hili mlishike: vidonge hivi havisimamishwi ghafla. Mwili unaweza kukakamaa kabisa, homa ikapanda, na mgonjwa akapoteza maisha. Anayepunguza ni daktari. Na kuona watu wasiokuwepo si uchawi. Dawa hii, levodopa, hugeuka ubongoni kuwa dopamini, kemikali ambayo ugonjwa huu huipunguza. Ikiwa kidogo, mzee anaganda. Ikizidi, viungo vinacheza vyenyewe, au anaona vitu. Wengine kichwa huzunguka wakisimama, wakaanguka.

Siku hizi watafiti wa Ulaya na Marekani wanafundisha kompyuta kubashiri mapema nani atapata madhara hayo. Wanaipa umri, uzito, dozi, miaka ya ugonjwa, hata vipimo vya vifaa kama saa ya mkononi vinavyofuatilia mtetemo. Napenda wazo hilo. Ila kompyuta hubashiri kwa kutazama watu iliowahi kuonyeshwa, na hazina moja kubwa ya kumbukumbu hizo, iliyoanzishwa mwaka 2010 na mfuko wa mwigizaji Michael J. Fox, imejaa zaidi Wazungu. Kwetu wagonjwa wengi hata hawajulikani. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata wagonjwa 33 katika watu 161,071. Kati yao 26 walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Afrika ilipotazamwa, tulijifunza jambo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Waghana walichelewa kuanza levodopa, lakini viungo kucheza vyenyewe kulianza baada ya miaka ya ugonjwa inayokaribiana na ya Waitaliano. Kwa hiyo kumchelewesha mzee kuanza dawa hakumkingi. Kinachohesabika ni miaka ya ugonjwa na wingi wa dawa kwa kila kilo ya mwili. Mzee akikonda, mpimeni uzito na mseme kliniki.

Kompyuta hiyo Rhotia hatuna. Tuna binti yangu wa darasa la tano, likizo, na daftari la mistari. Akaandika saa ya kidonge, saa ya kula na chakula chenyewe, saa Babu alipoganda, saa alipoona wageni wake. Siku mbili za kwanza aliandika "Babu mzima" kila mahali ili akacheze. Tukaelewana.

Baada ya siku kumi jambo likajionyesha. Asubuhi zote mbaya, kidonge kilikuwa kimemezwa na kikombe kikubwa cha maziwa. Protini ya maziwa na nyama hugombania njia na levodopa, tumboni na kuelekea ubongoni. Asubuhi dawa haikufanya kazi vizuri, mzee akaonekana anahitaji zaidi, akaongezewa, na usiku ikamzidi.

Daktari alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Akapunguza kidonge cha usiku, akasema cha asubuhi kinywewe na maji nusu saa kabla ya kula. Maziwa hakuyakataza, na nashukuru, maana kumnyima mzee wa Karatu maziwa ni vita nyingine. Nawafikiria ndugu zetu wa Ngorongoro ambao maziwa ndiyo mlo wenyewe: kwao saa ya kidonge ni ya kupanga na daktari mapema zaidi.

Jambo lingine alilotuandikia nyuma ya daftari: mzee akitapika asipewe metoklopramide, na akiona vitu asipewe haloperidoli, kwani zote mbili huzidisha ugonjwa huu. Popote anapotibiwa, hata kwa malaria, tulionyeshe daftari kwanza.

Wageni wa kwenye kona wamepungua. Juzi alikuja mmoja tu, na Babu mwenyewe akamwita mjukuu aje aandike saa.