Ukisafiri, Kaa: Neno Letu Kuhusu Sumbawanga



Ukimwambia mtu hapa kisiwani kwamba umetoka Sumbawanga, hakuulizi mji ukoje. Anakuuliza, "Na umerudi salama?" Kisha anacheka, na zinafuata hadithi za ungo na za radi ya kutumwa. Sisi tunaona kicheko hicho kina madhara, na dawa yake ni kusafiri pole pole na kukaa.

Wengi wetu tukivuka bara tunakwenda harusini, msibani, au Kariakoo kuchukua mzigo, kisha tunakimbilia boti. Wenzetu wa Australia hufunga nyumba ndogo nyuma ya gari wakazunguka pwani na milima ya nchi yao kwa miezi. Nyumba za magurudumu hatuna, lakini haisi, magodoro, jiko la gesi na ndoo yenye mfuniko vinatosha. Sisi tulikwenda familia mbili, wake na waume, kwa hiyo suala la maharimu halikutusumbua. Na tukijipikia vya sokoni, gharama ilikuwa ndogo kuliko tulivyoogopa.

Njia ni Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, halafu unakata kulia. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, lami mpaka mjini. Uwanda wa Ufipa uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, upande mmoja Ziwa Tanganyika na upande wa pili Ziwa Rukwa. Juni na Julai baridi yake inauma. Abaya zetu nyepesi hazifai. Shona zenye bitana, na watoto wabebee masweta. Sokoni kuna maharage ya kila rangi, ulezi, mahindi, na migebuka mikavu kutoka ziwani. Ukipata siku, pitia Matai uende maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanakoanguka zaidi ya mita 200.

Wenyeji wengi ni Wakatoliki, lakini misikiti ipo. Na hapa dini yetu ina jambo la kufikiriwa. Katika madhehebu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena sala. Anasali kamili kama mkaazi. Basi na macho yetu tuyape hukumu hiyo hiyo. Aliyepita kwa basi usiku mmoja asitusimulie watu wa Ufipa.

Sisi tuliokaa tumeona akina mama wanaoamkia shambani, wanaouza maharage kwa debe, wanaotuazima kuni bila kutujua. Jina lenyewe la mji, wenyeji wanaeleza, maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji uliosema uchawi utupwe ndio tunaoucheka kwa uchawi!

Na sisi wa visiwani tuna nini cha kucheka? Pemba haisemwi hivyo hivyo? Mpemba akifungua duka bara likashika, si wapo wanaosema ana jini? Tunajua linavyouma.

Tena si maneno matupu. Nchini mwetu wako bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umetokana na moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Mauaji hayo yanaanzia kwenye maneno ya baraza kama haya yetu. Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya, na sura hiyo hiyo imetufundisha kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane.

Tembea uone, walisema wazee. Sisi tunaongeza: kaa ujue. Mwaka huu mkiweka kibubu cha safari, msiweke cha Dubai peke yake. Na atakayeleta kicheko cha Sumbawanga barazani kwenu, mwulizeni alikaa huko siku ngapi.

Wabillahi tawfiq.