AFYA NYUMBANI: Mgongo wa mzee haupendi kitanda

Mwezi huu tunaongea juu ya kiuno cha wazee wetu.

Mzee akishikwa na kiuno, sisi watoto na wajukuu tunamwambia nini? "Baba, lala tu, sisi tupo." Tunasema hivyo kwa heshima. Lakini siku zikiwa nyingi, heshima hiyo inamdhuru. Misuli ya mzee asiyetembea inaisha haraka. Maumivu yakipoa, anakuta miguu haina nguvu. Aliyelazwa na kiuno anabaki kitandani kwa sababu ya miguu.

Tuelewe ugonjwa wenyewe. Kiunoni kuna pingili 5 kubwa, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo: nje mgumu, ndani laini wenye maji. Umri ukienda, maji yanapungua na diski inasinyaa. Ikitokeza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu yanashuka pajani, hata unyayoni. Habari njema ni kwamba wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kupasuliwa.

Wataalamu wa tiba ya viungo wanashauri hivi: maumivu yakiwa makali, pumzika siku 1 au 2, kisha amka. Nyumbani fanya haya:

1. Tembea dakika 5 mpaka 10 mahali tambarare, mara 3 kwa siku. Ukizoea, ongeza kidogo kidogo.

2. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo zikae chini. Inua makalio polepole, hesabu 5, shusha. Rudia mara 8. Usizuie pumzi.

3. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, simama, kaa tena. Mara 5. Mjukuu asimame karibu.

Maumivu yakitoka mguuni na kurudi juu kiunoni, uko njia nzuri. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo, muulize mtaalamu. Wazee wengine wanapata nafuu wakiinama, wengine wakinyooka. Basi usimwige jirani.

Na kazi je? Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Hilo wabebe vijana, na gunia la mgao vilevile. Lakini msimnyang'anye mzee kazi zote. Achambue maharage, akasalimie jirani. Akiokota kitu, akunje magoti, akilete karibu na kifua. Na ile desturi ya watoto kumkanyaga mgongoni tuiache jamani, mifupa ya uzeeni ni rahisi kuvunjika.

Hatari! Mkojo ukiziba, mkojo au choo kikitoka bila yeye kujua, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Maumivu yenye homa na kukonda, au yaliyoanza baada ya kuanguka, nayo yapimwe mapema kabla ya mazoezi. Kifua kikuu kinashika hata uti wa mgongo.

Basi leo jioni, badala ya "Baba, lala", tumwambie: "Baba, twende mpaka bombani, turudi." Tembeeni naye polepole, kwa mwendo wake.

Tukutane mwezi ujao.