KASHUGA: Muziki bila maneno si makelele

Wako wazee wanaosema kijana wa kambi anayetunga tekno kwenye simu anaharibu chaji bure, eti muziki hauna hata neno moja. Wanakosea. Mwaka 1989 ndugu wawili Waingereza wa kundi la Orbital, Phil na Paul Hartnoll, walitunga "Chime" nyumbani kwa wazazi wao, wakairekodi kwenye mashine ya kaseti ya baba. Kaseti, si studio! Hakuna anayeimba ndani, na mwaka 1990 ilifika nambari 17 kwao Uingereza. Mkongomani Rey Sapienz naye anafanya tekno Kampala. Muziki usio na maneno haumuulizi mtu kabila lake. Wenye bunduki wanawatafuta vijana hawa hawa. Mzee anayewafukuza penye muziki anawasukuma wapi? Redio za Masisi na Walikale ziwape nusu saa kila juma.