Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kenya: Tuletee mipira myekundu

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 2022 Angella Okutoyi alitwaa taji la tenisi la wasichana wawili wawili kule Wimbledon, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam. Tulishangilia, kisha shule zikarudi kwenye soka na riadha. Sikuandikii kuomba Okutoyi mwingine. Nawaombea tenisi watoto wasio na kipaji chochote, ambao ndio wengi.

Soka naipenda, ila inataka watu 22 na magoti mazima. Akimaliza shule, kijana huishia kuitazama kwenye runinga. Tenisi yataka watu wawili tu, na mkizeeka mnacheza wanne: mbio zinapungua, ujanja unaongezeka.

Mtazame mtoto wa darasa la pili anayerushiwa mpira. Lazima akisie utakapodunda, asogeze miguu kwa hatua fupi fupi, ageuze bega, asubiri, ndipo apige. Akiwahi, ameukosa. Hayo ndiyo macho na miguu atakayohitaji siku akivuka barabara au akiteleza bafuni akiwa na miaka sabini.

Watafiti wa Copenhagen walitangaza mwaka 2018 kwamba, katika maelfu ya watu waliowafuatilia kwa takriban miaka 25, wacheza tenisi waliishi karibu miaka 10 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Wakimbiaji, kama miaka 3. Huenda pesa za wachezaji nazo zilichangia, sikatai. Lakini watafiti hao walitaja pia kitu kisichouzwa: huwezi kucheza bila mwenzako.

Utaniambia huu ni mchezo wa klabu, wa mageti na ada. Kweli, kwa watu wazima. Watoto wana mpira wao mwekundu, laini, wenye mwendo pungufu kwa 75% kuliko ule wa kawaida, na kiwanja chao ni kama mita 11 kwa 5. Penye gwaride la asubuhi vinaenea kadhaa. Mistari ni chaki, wavu ni kamba iliyofungwa kati ya madawati mawili, na raketi za kuanzia seremala wa mtaani atazikata kwa mbao.

Seremala tutamlipa wenyewe. Wizara itupe mipira, na iwape walimu wa msingi mafunzo ya siku chache wakati wa likizo. Na tafadhali, Mheshimiwa, msiutungie mchezo huu mtihani.

Wako,
Mwalimu wa michezo, Nakuru